Kusiriba Nyumba ya Krismasi, Kuanzia Shimo la Udongo hadi Mwaka Mpya

Pita barabara ya Kakamega kwenda Mumias, magharibi mwa Kenya, katika wiki ya tatu ya Desemba, au kata kona pale Luanda uelekee Siaya, utaona nyumba zimebadilika sura. Ukuta uliokuwa na nyufa mwezi wa kumi sasa ni mwekundu mtupu, chini umezungushiwa mkanda mweusi, na juu ya mlango pameandikwa "Karibu Krismasi" kwa herufi nyeupe. Wanaoshuka basi la usiku kutoka Nairobi wanaingia nyumba inayonukia udongo mpya kabla hata chai haijachemka.

Kila mwaka pia zipo nyumba ambazo tarehe 25 ukuta bado ni mbichi, sakafu inang'ang'ania viatu vya wageni, na kufikia Januari siriba imeanza kudondoka vipande. Karibu zote zimeharibiwa na kitu kimoja: kuanza kwa kuchelewa. Udongo una mwendo wake. Tabaka nene la sentimita 2 hukaa siku 5 hadi 7 likikauka wakati jua lipo, na huku kwetu, kuanzia Kakamega hadi ufuo wa Ziwa Viktoria, mvua ya alasiri hainyeshi kwa ruhusa ya kalenda. Anayechanganya matope tarehe 21 atalazimika kuwasha moto ndani ili nyumba ikauke, na ukuta uliokaushwa kwa moto hupasuka.

Kwa hiyo hesabu ukirudi nyuma. Sakafu ndiyo ya mwisho, tarehe 22 au 23. Rangi na mapambo ya ukuta yawe yamekwisha kufikia tarehe 19. Tabaka laini lipakwe kabla ya sikukuu ya Jamhuri au siku yenyewe, tarehe 12, maana siku hiyo mikono huwa mingi nyumbani. Mashimo na sehemu zilizobomoka zizibwe wiki ya kwanza ya Desemba. Kuchimba na kuloweka udongo ni kazi ya wiki ya mwisho ya Novemba, watoto wakiwa wameshafunga shule na hawajui wafanye nini.

Udongo wenyewe hauko sawa kila mahali. Mwekundu wa Maragoli na Kakamega ni mzuri, unashika na haupasuki sana. Mweusi wa Kano, kule Ahero na Awasi, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Ndio ule ule unaofungua nyufa za kuingia mguu shambani wakati wa kiangazi, na ukutani utafanya vivyo hivyo usipotiwa mchanga mwingi. Udongo wa kichuguu, kile kilichohamwa na mchwa, ni laini na unanata kuliko yote. Wengi huupenda kwa sababu hiyo, lakini ukipakwa peke yake hupasuka vipande vidogo vidogo kama tope la bwawa lililokauka. Uchanganye na mchanga wa mto: kichuguu ndoo 1, mchanga ndoo 2. Mchanga wa ziwani nao unafaa, ila uchekeche utoe vipande vya kombe.

Usichimbe udongo wa juu. Ondoa sentimita 30 za kwanza, zenye mizizi na mboji, uziweke kando kwa ajili ya sukuma wiki. Ukisiriba na udongo wa juu, mizizi inaoza ndani ya ukuta, na pengine mbegu zinachipuka sebuleni kabla ya mwaka kwisha.

Kabla ya kubeba toroli hata moja, pima. Chukua konzi ya udongo, uuloweshe kiasi, uuviringishe uwe mrefu na mnene kama kidole, kisha uusukume polepole uning'inie ukingoni mwa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga kupita kiasi na hautashika. Ukining'inia zaidi ya sentimita 15 bila kukatika, unanata mno, utapasuka. Kipimo cha pili hakidanganyi kabisa: paka mraba wa sentimita 30 kwa 30 kwenye ukuta wenyewe, uuache siku 3. Paka miraba mitatu kwa vipimo tofauti, mmoja wa udongo 1 kwa mchanga 1, mwingine 1 kwa 2, wa mwisho 1 kwa 3. Ule usio na ufa, na ambao ukiusugua kwa kiganja hautoi vumbi, ndio utakaofuata nyumba nzima. Watu hukiruka kipimo hiki kwa haraka, halafu hupoteza siku nne kurudia ukuta mzima.

Kiasi cha udongo kinahesabika pia. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.2 kina takriban mita 25 za mraba ndani, ukitoa mlango na dirisha. Kwa tabaka la milimita 5 utahitaji lita 125 za mchanganyiko mbichi. Hizo ni ndoo 6 na kitu za lita 20, na kwa kuwa udongo mkavu hupungua ukilowa, andaa ndoo 8 au 9 za udongo na mchanga pamoja. Chimba na ziada ya ndoo 2 kutoka shimo lile lile. Udongo wa shimo jingine hautalingana rangi, na kiraka kitaonekana hadi Pasaka.

Chekecha udongo kwa waya wenye matundu ya milimita 3 hadi 5. Hapo ndipo utakapookota vipande vya chupa, miiba na misumari. Usiruhusu mtoto akanyage matope ambayo hayajachekechwa. Mimina maji, kanyageni mpaka mabonge yaishe, kisha funika kwa majani ya mgomba na uache siku 3 au 4. Wengi hudhani kuloweka ni uvivu wa mtu anayeahirisha kazi, kumbe ndiyo kazi yenyewe: chembe za udongo hunywa maji polepole, na matope yaliyolala siku tatu hupakika kama siagi, wakati ya leo leo yanavutana na mkono. Kwa tabaka nene la kuziba mashimo, ongeza nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, ndoo 1 ya nyasi kwa ndoo 4 za udongo. Nyasi huvuta ukuta pamoja kama uzi.

Ukutani, anza kwa masikio. Gonga kwa vifundo vya vidole kila sehemu. Pakitoa sauti ya debe tupu, siriba imeachana na fito na lazima ing'olewe, hata ikionekana nzuri kwa nje. Ukipaka juu yake, unaongeza tu uzito wa kitu kitakachoanguka. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kama mishipa ni vya mchwa. Vibomoe, fuata hadi chini, na ubadilishe fito zilizoliwa kabla ya kukandika. Kwaruza vumbi lote kwa panga, chora mistari ya kukingama ili udongo mpya upate pa kushika, kisha nyunyizia maji mara mbili, ukiacha dakika kumi kati ya mara moja na nyingine. Ukuta mkavu hufyonza maji ya tabaka jipya kwa dakika chache, na tabaka lililofyonzwa maji hubanduka kama ganda. Nikilazimika kutaja sababu moja ya siriba kudondoka Januari, nitataja hii.

Mashimo yazibwe kwa mabonge ya saizi ya chungwa, yakitupwa kwa nguvu na kukandamizwa kwa kisigino cha kiganja. Usizidishe sentimita 2 kwa siku moja. Shimo lenye kina lijazwe kwa awamu.

Sasa mavi ya ng'ombe. Nyuzi za nyasi ambazo tumbo la ng'ombe halikumaliza kusaga ndizo zinazozuia nyufa, na ule utelezi wake husaidia ukuta kuhimili unyevu. Lazima yawe mabichi, ya asubuhi ile au jana yake. Yaliyokaa wiki yamekauka, yameingia wadudu, na hayana tena gundi. Ya ng'ombe wa kienyeji anayekula nyasi yana nyuzi nyingi, yale ya ng'ombe wa maziwa anayelishwa chakula cha dukani mara nyingi ni majimaji, basi punguza maji. Kwa tabaka la mwisho la ukuta, changanya mavi ndoo 1 na udongo laini uliochekechwa ndoo 2. Harufu huisha mchanganyiko ukikauka, siku mbili hivi.

Hapa pana jambo la afya ambalo halipaswi kupuuzwa. Udongo na mavi ya mifugo hubeba vijidudu vya pepopunda. Mwenye kidonda mkononi au mguuni asishike wala asikanyage, achote maji au ashike brashi. Waliobaki waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kitovu cha mtoto mchanga kisikaribiane kabisa na kazi hii.

Siriba ya mwisho hupakwa kutoka juu kushuka chini, ili matone yasiharibu mahali palipokwisha. Ukuta wa nje unaotazama magharibi upakwe asubuhi ungali kivulini, na wa mashariki usubiri jua lipande juu ya paa. Weka magunia karibu ya kufunikia mvua ikija. Tazama mkono wa mama aliyezoea: bonge hukaa mkono wa kushoto, wa kulia huchota kiasi cha kujaa kiganja, hubandika usawa wa bega, halafu mkono mzima, kutoka kiwiko, huzunguka kama wiper ya gari. Kila upinde humeza ukingo wa upinde uliotangulia. Vidole havibonyezi, kinachobonyeza ni kisigino cha kiganja, na vidole vinafuata vikisawazisha. Ukuta unapoachwa hivyo, bila kulainishwa zaidi, unabaki na matao ya mikono kutoka kona hadi kona, na mwenye nyumba anaweza kukuonyesha pale nyanya alipoishia na binti yake alipoanzia, kwa upana wa tao tu. Kwangu mimi hakuna pambo la ukutani linaloizidi alama hiyo.

Kama unataka ukuta laini, subiri. Mwanzoni siriba inang'aa kwa maji. Mng'ao ukiisha, bonyeza kidole: kikiacha alama lakini kisitoke na tope, wakati umefika. Chukua jiwe laini la mtoni, lile la kutosha kiganjani, usugue kwa mizunguko midogo. Ukiwahi, jiwe linavuta udongo. Ukichelewa, linakwaruza. Una kama saa moja au mbili, kwa hiyo usipake ukuta mkubwa kuliko unaoweza kuusugua.

Mapambo ndiyo sehemu ya watoto, na wapewe nafasi yao kweli, si kuitwa mwishoni kushika ndoo. Gunzi la mahindi lililopukuchuliwa, likiviringishwa juu ya udongo mbichi, linaacha mistari ya vitundu iliyopangika kuliko mkono wa mtu. Kitana cha zamani kinachora mawimbi. Karatasi ngumu ya boksi iliyokatwa nyota au jani inatumika kama kiolezo. Kata tatu zinazofanana, maana moja italowa na kulegea kabla ya ukuta mmoja kwisha.

Rangi ya udongo inahitaji gundi, la sivyo itahamia kwenye mashati ya wageni. Pika uji mwepesi wa ngano: unga kikombe 1 ukorogwe na maji baridi vikombe 2, umiminwe katika vikombe 6 vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka weupe wa unga upotee na uji uwe kama kioo chenye ukungu. Ukipoa, changanya uji kipimo 1 na maji vipimo 2, kisha nyunyiza udongo uliochekechwa kwa kitambaa mpaka uwe mzito kama maziwa lala. Lita 5 zinatosha chumba kile kwa kupaka mara moja. Tumia ndani ya siku mbili, kwa sababu uji huchacha na kuleta ukungu ukutani. Nyekundu ni udongo wa maram uliopondwa, nyeupe ni udongo mweupe wa kando ya vijito au majivu safi ya kuni. Rangi hii ni ya ndani na ya chini ya baraza tu. Ukutani kunakopigwa na mvua haimalizi Aprili.

Mkanda mweusi wa chini, kiasi cha sentimita 60, una kazi zaidi ya urembo. Matone ya mvua yanayodunda kutoka ardhini hupiga hapo hapo. Ufanye kwa tabaka nene kidogo lenye mavi zaidi, rangi itoke kwenye makaa yaliyosagwa na kuchekechwa, na uchimbe mfereji mdogo wa kuondoa maji chini ya paa. Zipo nyumba ambazo weusi huo unatokana na betri kuukuu za tochi zilizopasuliwa na kusagwa. Naomba sana jambo hili liachwe. Unga ule ni kemikali zenye madini, unashika mikono ya anayeusaga, na ukutani uko usawa wa mtoto anayetambaa. Makaa yanatoa weusi ule ule bila kumdhuru mtu.

Na saruji? Tabaka jembamba la saruji juu ya matope linavutia Desemba na kukatisha tamaa baadaye. Matope huvimba na kunywea kwa unyevu, saruji haifuati, na unyevu unaonaswa nyuma yake hulainisha ukuta. Anayetaka saruji apigilie kwanza waya wa kuku ukuta mzima, na hiyo ni bajeti nyingine.

Sakafu ni kazi ya saa mbili. Ifagie, inyunyizie maji, ziba vishimo siku moja kabla. Mavi mabichi ndoo 1, udongo laini nusu ndoo, majivu gorogoro 1, maji mpaka yawe kama uji wa mtoto. Kwa chumba cha mita 10 za mraba kiasi hicho kinatosha na kinabaki kidogo cha mlangoni. Anzia kona ya mbali, rudi nyuma ukielekea mlango, fungua madirisha, na usimruhusu mtu yeyote kuingia hadi kesho yake, hata anayetafuta chaja. Sakafu ya udongo isiyosiribwa hugeuka vumbi, na vumbi kavu ndiko funza wanakozaliana, kwa hiyo rudia kila wiki au mbili hata sherehe zikiisha.

Vitambaa vya kufuma vya makochi hufuliwa siku makochi yametolewa nje. Vijiko 2 vya wanga wa muhogo kwa lita 1 ya maji, wanga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kisha upikwe, uwe kama uji mwembamba sana. Chovya, kamua bila kusokota, tandaza juu ya taulo ukivuta kila ncha kwa vidole, piga pasi upande wa nyuma vikiwa na unyevu kidogo. Wanga ukizidi, vinakuwa na madoa meupe kwenye matundu.

Tawi la saiprasi likatwe tarehe 23, si mapema. Litie kwenye debe lenye mawe chini na udongo uliolowa juu, mbali na koroboi na mshumaa, hasa ukilizungushia tishu na pamba. Baada ya siku kumi majani yake yanawaka kama karatasi. Litoe nje mapema Januari.

Januari nyumba inakuambia ulikosea wapi. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida, zifute kwa kitambaa chenye udongo mwepesi. Nyufa pana zinazokutana kama wavu zinasema mchanga haukutosha, na ubandukaji wa mabamba unasema ukuta haukuloweshwa. Andika vipimo ulivyotumia nyuma ya mlango kwa penseli, na uhifadhi gunia moja la udongo ule ule uliochekechwa, ukiwa mkavu, kwa viraka vya mwaka mzima. Kwa familia za Bungoma zitakazotahirisha Agosti ya mwaka wa shufwa, nyumba itasiribwa tena Julai, kwa hiyo Desemba msijaze ukuta matabaka mazito. Jembamba moja linatosha.

Maandishi ya juu ya mlango yaandikwe kwa akili. Tenga mraba wa mkono mmoja kwa ajili ya mwaka peke yake, uusugue kwa jiwe uwe laini, na uandike tarakimu kwa udongo mweupe usiotiwa uji. Usiku wa tarehe 31 mtoto mdogo kuliko wote apandishwe kwenye stuli na kitambaa chenye maji. Anafuta tarakimu ya mwisho tu, taratibu asikwaruze wekundu ulio chini, anasubiri pakauke, kisha anachovya kidole kwenye kikombe cha udongo mweupe na kuandika mpya.